Swali la Somo

Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo harusini na kurudi nalo. Naliandika hapa labda litapungua uzito.

Ijumaa usiku, barazani kwangu. Wageni wa Dar walikuwa wameshaoga na kula, na nilikuwa nimewatengea sinia la ming'oko iliyochemka tangu alasiri, kwa sababu Somo akikanyaga Mtwara hicho ndicho kitu cha kwanza anachokiulizia, kabla hata ya hali za watu. Tulikuwa tunamenya, tunachovya kwenye chumvi ya pilipili, tunazungumza hili na lile. Mmoja wao akaniuliza kurasa zangu za mtandaoni, zile za nyumba za kale za Mikindani na mafundi wake, zinaendeleaje. Nikaeleza. Nikasema tangu wenye seva waihamishie tovuti kwenye mashine zao mpya, kila penye ng' pamevurugika, picha za milango nyingine hazifunguki kabisa, na kila nikiwaandikia najibiwa kuwa tiketi yangu, yaani lalamiko langu, imepokelewa. Nilieleza kwa kirefu, maana ni jambo lililonikaa rohoni. Somo hakuinua macho. Alikuwa anamenya mng'oko wake taratibu. Akasema:

"Sasa ikizimika, nani atajua?"

Nikamjibu, "Nitajua mimi."

Akacheka kidogo, akanisogezea chumvi. Wifi akaleta habari ya mtoto (ndiyo, mke wa kaka kajifungua Alhamisi pale hospitali ya Ligula, binti, wote wazima, alhamdulillahi, jina bado linagombaniwa) na mazungumzo yakahamia huko moja kwa moja.

Ni hayo tu. Hakuna aliyepandisha sauti. Wengine waliokuwepo nikiwauliza leo, sidhani kama watakumbuka.

Lakini mimi usiku ule nililisikia swali lile kwa sauti nyingi. Mara nalisikia kama faraja: pumzika dada, usijiumize kichwa, hakuna atakayekudai. Somo ni mtu wa namna hiyo. Tangu kidato cha kwanza tulikuwa tunalala kitanda cha juu na cha chini, walimu wakiita jina tunaitika wote wawili, na baba alipofariki yeye ndiye aliyefika kabla ya ndugu wengine wa damu. Hana roho ya kumchoma mtu. Halafu kufika alfajiri, kabla ya adhana, nalisikia upande wa pili: kazi yote hiyo unayoifanya, hakuna anayeiona, na ikiondoka hakuna pengo. Kisha nafikiria lile jibu langu. "Nitajua mimi." Lilitoka haraka mno. Nilikuwa na maneno mengine mengi, na yote yalinijia taa zikiwa zimeshazimwa.

Ningemwambia habari za babu mdogo. Ninyi mnaonisoma siku nyingi mnamjua, fundi wa mawe na chokaa wa Mikindani, aliyekuwa anakaa kwenye ile nyumba yenye baraza refu inayotazama ghuba. Alinisimulia jinsi tanuri la chokaa linavyopangwa: magogo chini kwa mviringo, matumbawe juu yake, moto unawashwa baada ya kuutazama upepo. Mawe yakishaungua yanamwagiwa maji mpaka yanalegea na kuwa unga, kisha chokaa inaachwa ikomae, haitumiwi siku hiyohiyo. Alinieleza kwa nini zile nyumba huanza kufa juu. Boriti za mikoko zikioza na paa likitoboka, mvua inaingia katikati ya ukuta, inaitafuna chokaa, mawe yanabaki yamekaa juu ya mawe bila kushikana. Siku moja masika yakizidi, ukuta unakaa chini. Yote hayo nimeyaandika kwa maneno yake mwenyewe, na sauti yake nimeiweka palepale juu ya ukurasa, ukibonyeza unamsikia akikohoa kwanza ndipo anaanza.

Mgeni akija Mikindani anaonyeshwa boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, anaambiwa habari za Livingstone aliyepita pale mwaka 1866 akielekea Ruvuma. Ni vyema aambiwe, ni historia. Ila aliyechoma chokaa hatajwi. Aliyechonga mlango hatajwi. Ndiyo sababu niliinunua ile anwani ya tovuti na ndiyo sababu nailipia kila mwaka, hata miaka ambayo msimu wa korosho umekuwa mbaya na ghalani tumekaa tukitazamana. Nilitaka maneno ya babu yawe na kwao, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia bila kuniomba mimi ruhusa. Sauti ninayo pia kwenye simu, na kwenye flashi, na kaka anayo nakala. Kuihifadhi hakunisumbui. Linalonisumbua ni kwamba kitu kilichofungiwa kabatini hakimsemeshi mtu.

Haya ningemwambia Somo. Badala yake nilichukua chumvi.

Jumamosi ilikuwa harusi yenyewe, iliyowaleta wote hawa kutoka Dar. Ilikwenda vizuri, bibi harusi alipendeza, chakula kilitosha na watu wa Masasi walichelewa lakini walifika. Mchana tulipokuwa tunatembea kwenda kwa wenye shughuli tulipita pale penye ukuta uliobaki nusu, ulipokuwa ule mlango wa maua na mnyororo ambao picha yake ndiyo ya kwanza kabisa kwenye kurasa zangu. Nyumba ilianguka, mlango ukaondolewa, sasa pana mche wa mpapai. Somo alikuwa pembeni yangu, ameshika viatu vyake virefu mkononi. Nilimwangalia usoni. Picha ile nilimtumia zamani, akaniandikia kuwa ni nzuri sana. Nilisubiri kama atasema hapa palikuwa na mlango. Akasema joto la leo kali. Joto lilikuwa kali kweli. Tukaendelea.

Usiku, ngoma ikiwa imekolea na akina mama wamejifunga khanga viunoni, mimi nimekaa mkekani nafikiria Mei 2024. Mnaikumbuka. Kwanza kimbunga Hidaya, barabara ikakatika kule Kilwa, mabasi yakasimama upande huu na upande ule. Wiki iliyofuata nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku zile kila mtu alijua. Wauza vifurushi walijua, wanafunzi walijua, shemeji alikuwa anazunguka uani ameinua simu juu. Kitu cha wote kikikatika kina watu wa kukililia. Cha mmoja hakina. Nilivyofikiria hivyo nikaona basi Somo amesema kweli tupu, na ukweli huo ukaniuma kuliko kama angekuwa amekosea. Wifi akaja kunivuta nikacheze. Nikacheza.

Jumapili asubuhi tulivuka kwenda Msangamkuu, na hapo kidogo moyo ukafunguka. Bahari ilikuwa imetulia, maji ya kijani, watoto wa wifi wakitaka kukaa upande uleule wa kivuko wote. Tuliogelea na nguo zetu, tukala pweza wa nazi kwa mama mmoja mwenye banda lake karibu na ufuko, Somo akacheka mpaka akakaa mchangani kwa kisa cha matroni wetu na gunia la mihogo ambacho hakichoki. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu ni ndugu yangu. Swali lilikuwepo bado, ila lilikuwa limekaa mbali.

Na jioni likatokea jambo. Mtoto wa kaka, yule wa chuo, alikuja kuchukua vyombo vya harusi, akanikuta na kompyuta mezani. Akaomba aone. Nikamwonyesha ukurasa wa babu: badala ya ng'ambo pameandikwa ngâ€™ambo, badala ya ming'oko mingâ€™oko, badala ya ng'ombe wa kubebea mawe ni ngâ€™ombe, ukurasa mzima. Akatazama kidogo tu. Akasema, "Shangazi, maandishi yako hayajaharibika. Yanasomwa vibaya." Akanieleza. Programu ninayoandikia huipinda yenyewe ile ritifaa, alama ya juu kwenye ng', na ritifaa iliyopinda inahifadhiwa kwa baiti tatu, yaani vipande vitatu vya data. Seva ya zamani ilikuwa inazisoma zote tatu pamoja kama alama moja. Mpya imepangwa kwa mtindo wa kizamani, inasoma kila baiti peke yake, ndipo zinatoka alama tatu za ajabu. Akafungua faili la mipangilio, akabadilisha mstari mmoja, akanirudishia kompyuta.

Ng'ambo. Ming'oko. Ng'ombe.

Niliita. Kweli niliita, wifi akatoka jikoni na mwiko akidhani kuna nyoka. Wiki zote hizi nimeambiwa tiketi imepokelewa, na ni mstari mmoja! Nikaanza kusoma kwa sauti, pale anapoeleza namna ya kuzima chokaa, halafu nikaona nisome ya nini wakati mwenyewe yupo, nikabonyeza. Babu akakohoa. Akaanza. Kaka mdogo aliyekuwa anatazama mpira akapunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa. Wifi alibaki amesimama na mwiko wake mpaka mwisho, alikuwa hajawahi kuisikia, alipoolewa kwetu mzee alikuwa ameshatangulia.

Somo alikuwa chumbani anafunga mizigo kwa ajili ya basi la alfajiri. Babu alipofika kwenye matumbawe, akatokea mlangoni na kamba mkononi. Akasimama. Sauti ilipokwisha akauliza, "Matumbawe siku hizi si marufuku kuyachimba?"

Nikasema ndiyo, marufuku, samaki wanazaliana humo.

"Sasa wakitaka kukarabati zile nyumba wanatumia nini?"

Nikamwambia hilo ndilo tatizo. Wengine wanaokota mawe ya nyumba zilizokwisha kuanguka. Wengine wanapiga saruji juu ya chokaa, na saruji haipumui, unyevu unabaki ndani ya ukuta, unazidi kuoza. Akatikisa kichwa. Akasema hicho kitu watu wanatakiwa kukijua. Kisha akauliza mkasi uko wapi.

Sikumwuliza kama alikuwa anakumbuka alichosema Ijumaa. Kamba ilikatwa, mzigo ukafungwa, tukalala. Leo alipofika Nangurukuru akanitumia ujumbe kwamba ming'oko niliyomfungia imesahaulika juu ya friji, na kweli ipo, naitazama hapa. Nikajibu nitaituma na basi la kesho. Lile la moyoni sikuliandika. Bado sijui alikuwa na maana gani, na nimeanza kuona labda hata yeye hajui.

Picha bado. Kijana anasema seva mpya inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, ya zamani ilikuwa haijali. Kwa hiyo faili linaloishia na JPG na lile linaloishia na jpg ni vitu viwili, na mimi kamera yangu ya kwanza ilikuwa inaandika kwa kubwa. Tutabadilisha moja moja, jioni jioni. Milango ya upande wa soko imeshafunguka. Ile ya maua na mnyororo bado.

Ila sasa hivi akili yangu haiko hata huko. Mama amepiga simu kutoka Nanyamba. Mikorosho imeanza kuchanua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unaonekana kwenye maua, wanapuliza salfa, dawa yake ya unga, kila alfajiri kabla upepo haujaanza, na mama anatoka nao shambani. Tumeshamkataza. Kifua chake tangu mwaka jana si kizuri, na kitambaa anachojifunga puani ni ule mtandio mwepesi ambao hauzuii hata vumbi la kufagia. Leo katika kuongea ndipo nikapata jingine: mifuko ya salfa iliyobaki ameiingiza chumbani kwake, karibu na kitanda, kwa sababu kwa jirani wameibiwa. Analala nayo. Nikamwambia mama, ile ni sumu kifuani mwako. Akasema iko kwenye mifuko, haimsogelei, na kwamba nisimsumbue shemeji kwa jambo dogo.

Shemeji anakwenda Nanyamba Jumatano na pikipiki. Nimemwomba aihamishie mifuko kwenye banda la kuku na anunue kufuli njiani. Amekubali. Tatizo ni kwamba mama akimwambia aiache palepale, ataiacha, hajawahi kumbishia mkwewe hata siku moja. Nafikiria kuomba ruhusa ghalani niende mwenyewe.