Taniboi aliyebaki Malaba

Aprili ya 2020, pale kwetu Mikindani, Mombasa, mtu wa malori alikuwa akionewa wivu. Jirani yangu alikuwa kondakta wa matatu ya abiria 14, na amri ya corona ikawa wabebwe 8 tu. Tajiri wake akapiga hesabu, akaona bora dereva akusanye nauli mwenyewe. Madereva wa teksi waliokuwa wakingoja abiria wa SGR, ile reli mpya, pale Miritini walikaa bure, kwani treni ya abiria ilisimama pindi Mombasa, Kwale na Kilifi zilipofungwa. Sisi wa mizigo ndio tuliokuwa na ruhusa ya barabara, kafyu iwepo isiwepo. "Nyinyi mmeokoka," jirani akaniambia. Sikumbishia. Nilikuwa sijauona mpaka wa Uganda, Malaba ya mwezi wa tano.

Safari hiyo tulipakia kontena la vigae bandarini Kipevu, la kwenda Kampala. Taniboi wangu, yaani utingo wa lori, alikuwa kijana wa Taru, na tulikuwa tumezoeana kiasi kwamba nikikohoa tu kebini anajua kama nataka maji au nataka kusimama. Mizani ya Mariakani, ya Athi River, ya Gilgil, ya Webuye, zote tulizipita bila maneno. Salgaa, ambako dereva huzunguka akitafuta pa kuegesha, siku hiyo tulichagua tutakapo.

Foleni tuliikuta mbali kabla ya Amagoro, karibu na Malaba.

Uganda ilikuwa ikitangaza wagonjwa wapya karibu kila siku, na wengi wao walikuwa madereva wa malori. Ndipo ikawa hakuna kuvuka bila kupimwa na majibu kutoka. Watu wa vipimo walikuwa wachache, malori hayahesabiki, na maabara haikuwa hapo mpakani. Basi malori yakasimama, mkia wake sikuuona. Tukisogea tunasogea magari mawili matatu, kisha mtu unazima injini, maana dizeli unayoichoma hapo utakuja kuulizwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni malipo yetu. Kwetu, mshahara wenyewe ulikuwa jina tu. Kinachomlisha dereva ni mileji, hela ya safari. Ukienda Kampala na kurudi haraka, unapakia tena. Ukikaa kwenye foleni, mileji ni ile ile moja, na ndani yake ule, unywe, ununue na maji ya kuoga. Mtungi wa lita 20 ulikuwa ukipanda bei kila tukisogea karibu na mpaka. Choo hakuna. Mahindi ya watu yalikuwa yamefika magotini, na wenye mashamba walikuwa wakiyalinda kwa fimbo tusiingie. Siwalaumu.

Mama mmoja ambaye miaka yote nilikuwa nikila kwake, akiniita "dere wangu" hata kabla sijateremka, safari hii alitwambia tusimame ng'ambo ya barabara. Sahani aliziweka chini juu ya jiwe, akarudi nyuma, ndipo taniboi akaenda kuzichukua. Sarafu tukazitia kwenye ndoo ya maji yenye jiki. Watoto walikuwa wakipita na kutuimbia, "Corona! Corona!" Jina la ugonjwa likawa jina letu. Hata nyumbani mke wangu alikuwa ameshaniambia kwa simu kwamba mwenye nyumba anauliza nitarudi lini, na hakuwa akiuliza kwa hamu.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini nilifunga, pengine kwa kuwa kufunga kulikuwa nafuu. Magharibi ikifika, kijana, ambaye si Mwislamu, alikuwa ameshawasha jiko chini ya trela, uji umechemka, tende amezipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Kisha ananiambia, "Mzee, lala. Mimi nipo." Akatandika karatasi la boksi ubavuni mwa tangi, akalala hapo. Wanyonya dizeli wa Malaba hawakuwa na kafyu. Lori la mbele yetu liliamka likiwa kavu, na dereva wake akakaa juu ya ngazi ya kebini akipiga simu kwa tajiri, akieleza na kuapa, akieleza na kuapa.

Tulipimwa pamoja, ndani ya hema moja. Kijana alitoka machozi yakimtiririka. "Mzee, hiki kijiti kimenifika kwenye ubongo." Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu Webuye.

Majibu yangu yalirudi, mimi mzima. Yake hayakurudi. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa nisubiri. Nikaenda tena, yule aliyeniambia nisubiri hayupo zamu. Upande wa Uganda nao hawakutaka watu wengi kwenye gari moja. Nikampigia msimamizi wetu wa yadi. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Dere, cheti chako unacho?" Nikasema ninacho. "Basi vuka. Mzigo wa watu huo."

"Na kijana?"

"Atarudi."

Kurudi vipi, hakusema. Kwale ilikuwa imefungwa, mabasi hayaingii, na Taru iko Kwale. Kilichokuwa kikimpitisha vizuizini ni lile lori, na lori naondoka nalo. Nilitembea nyuma kwenye foleni, kwenye magari yanayotoka Uganda, nikiuliza dereva mmoja mmoja kama ana nafasi. Wengi walitikisa kichwa: kubeba abiria ilikuwa kosa. Mwishowe nikampata mzee mmoja wa Voi aliyekuwa peke yake, taniboi wake amezuiliwa karantini. Akamwangalia kijana juu mpaka chini. "Unajua kufunga turubai?" Kijana akasema anajua. "Basi wewe ni taniboi wangu. Wakikuuliza, tumetoka pamoja."

Alichukua begi lake na lile jiko. Jiko nikamwambia achukue.

Kuvuka kwenyewe hakuna la kusimulia. Uganda nilikwenda kwa vituo nilivyoamriwa, nikashusha vigae, nikageuza.

Nilipofika Mombasa mwezi wa sita ulikuwa umeingia, na yadi imejaa vichwa vya malori vilivyoegeshwa, trela zimepangwa ukutani. Serikali ilitaka mizigo ya Uganda na nchi za jirani ipande SGR mpaka Naivasha, malori yaichukulie huko. Mariakani wenye hoteli na wenye gereji walikuwa wakilalamika redioni, na madereva wa yadi yetu walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakicheza bao saa nne ya asubuhi. Kijana alikuwa ameshafika Taru salama, ila hela yake alikuwa hajaiona.

Nikaingia ofisini. Msimamizi akafungua daftari. "Huyu hakufika Kampala," akasema. "Nusu."

Nikamwambia huyu ndiye aliyelala na tangi. Lori letu halikupoteza hata lita, mwulize yeyote aliyekuwa kwenye foleni ile. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, kisha akaelekeza kalamu dirishani, kwenye vile vichwa. "Dere, wewe unataka lori au unataka kesi?"

Nusu ikatumwa kwa M-Pesa jioni ile. Safari iliyofuata, ya kwenda kuchukua kontena Naivasha, nilipewa lori bila taniboi. Ufunguo wa tangi nikaambiwa nitembee nao mfukoni.