Siku Mzee aliniambia ninuse klachi

Hii ilikuwa 2011, wakati Thika Road hapa Nairobi inachimbwa kila mahali, na mimi kazi yangu ilikuwa kutoa viazi na vitunguu soko la Marikiti napelekea wateja Githurai na Kahawa West, alafu Jumanne na Ijumaa nina oda ya hoteli moja huko Upper Hill. Gari ilikuwa Hilux ya Baba, ya 1986, dizeli, ile injini ya Toyota inayoitwa 2L, ya cc 2,446. Bado ilikuwa na namba za usajili zile za zamani, za kabla zianze na KAA. Baba aliinunua mkono wa tatu na hiyo ndiyo ilitusomesha sisi wanne, kwa hivyo mtu akiniambia hiyo gari ni vyuma tu naumia kabisa.

Shida ilianza polepole. Asubuhi iko sawa, unatoka nyumbani hakuna kitu unasikia, lakini ikishashika moto, ukiingiza gia ya kwanza na uanze kuachilia klachi, gari yote inatetemeka, inarukaruka kama punda amekataa mzigo, mpaka uachilie klachi yote na mwendo ushike ndio inatulia. Rivasi ndio ilikuwa mbaya zaidi. Kuna kile kimlango cha dashibodi upande wa abiria, kilikuwa kinafunguka chenyewe na risiti zote zinamwagika chini. Na hapo Thika Road na zile daivashen, njia za kando za muda, unasonga hatua tatu unasimama, hatua tatu unasimama, sasa fikiria kila hatua gari inakutingisha hivyo kutoka Pangani hadi Roysambu na viazi viko nyuma.

Siku iliyonimaliza ilikuwa Valley Road. Nimebeba magunia sita, nimesimama kwa mlima kwenye jam, nyuma matatu imenikaribia hadi kwa kioo siioni taa zake. Magari yakasonga, nikaachilia klachi, gari ikaruka mara mbili ikazima, ikarudi nyuma kidogo nikavuta hendibreki kwa nguvu zangu zote. Makanga akakuja akanipigia bodi na kiganja. Nilijaribu tena na tena, moshi ukaanza kunuka, ile harufu ya kitu kinaungua, na nilipofika juu nikaegesha kando nikakaa tu hapo kwa muda bila kuzima injini kwa sababu niliogopa haitawaka.

Nikapeleka garage moja huko mtaani. Fundi akasema ni klachi pleti, ile sahani inaunganisha injini na giaboksi, akashusha giaboksi, akaweka pleti mpya, nikalipa. Kweli ikawa poa, nikafurahi, nikamwambia Baba imepona. Wiki mbili tu! Wiki mbili ikarudi vile vile na nilipomrudia yule fundi akaniambia hizi gari za zamani ndio ziko hivyo, nizoee ama niuze. Hiyo neno niliibeba kifuani siku nyingi. Binamu yangu naye akasema iuzwe kwa kilo. Baba alinyamaza, alafu akaniambia, "Usiuze kabla hujapata mtu anajua."

Mama mmoja ninayempelekea vitunguu ndiye alinielekeza kwa Mzee fulani Kariobangi, pale Light Industries. Nilimpata amevaa ovaroli imefifia hadi hujui ilikuwa rangi gani. Kitu ya kwanza hakugusa spana. Aliuliza maswali. Inatetemeka ikiwa baridi ama ikiwa na moto? Gia gani imezidi? Mara ya mwisho uliangalia mafuta ya giaboksi lini? Hiyo ya mwisho sikuwa na jibu, nikamwambia ukweli. Akaingia chini na chuma kirefu akainua giaboksi kidogo kuangalia maunting, ile raba inabeba giaboksi, akaita nione, ilikuwa imepasuka nusu. Akasema, "Hii inachangia, kijana wangu, lakini siyo mwenyewe."

Wakatoa propela, ile shafti inapeleka nguvu magurudumu ya nyuma, wakashusha giaboksi yeye na kijana wake, wakafungua presha pleti, ile inabana klachi pleti kwa flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Ile klachi pleti ya wiki mbili ilikuwa inang'aa kama kioo, nyeusi, na ukigusa ina utelezi. Mzee akachukua kitambaa kisafi cheupe akapangusa ndani ya lile bakuli la mbele la giaboksi, akanipa mkononi akasema, "Nusa."

Nikanusa. Ilinuka kama yai limeoza.

"Mafuta ya injini ya dizeli ni meusi tii na yananuka moshi," akasema. "Hiyo unanusa ni salfa. Hayo ni ya giaboksi." Akanionyesha na kidole vile mafuta yametoka katikati kwa shafti yakarushwa nje pande zote, kama miale. Akanieleza kwamba pleti inafaa iteleze kidogo alafu ishike mara moja, sasa ikipata mafuta inashika inaachilia, inashika inaachilia, haraka haraka, na huko kushika na kuachilia ndio mimi nilikuwa nasikia kwa kiti. Oili sili ya shafti, ile raba ya kuzuia mafuta yasitoke, ilikuwa imekauka ngumu kama kucha. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameishusha hiyo giaboksi yote, akaiangalia hiyo sili kwa macho yake, akairudisha. Nilienda kununua mpya mwenyewe, shilingi 350. Nilikasirika, siwezi kudanganya, nilikasirika sana, kwa sababu baada ya siku ile ya Valley Road alinirudisha barabarani na shida ile ile, na ningeweza kugonga mtu.

Ningekuwa mimi ningefunga hapo twende nyumbani. Mzee alikataa. Akasema sili inaweza zeeka, sawa, lakini mafuta haya ni mengi, kuna kitu kinayasukuma. Akaanza kupapasa juu ya giaboksi, mahali mtu hafikii gari ikiwa imefungwa, akapata briza, kale katundu ka kupumulia, kamejaa matope yamekauka kama udongo wa nyungu. Matope ya Thika Road yale! Akakata kipande cha waya akakachokonoa hadi kakafunguka, akapuliza na mdomo vumbi likatoka. Giaboksi ikishika moto hewa ya ndani inapanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma mafuta yapite kwa sili. Sijawahi kusahau vile alisema hiyo maneno, taratibu, kama mtu anamsomea mtoto.

Mimi nikamuuliza kama tunaweza osha ile pleti na petroli tupige msasa, maana mfuko ulikuwa umekauka. Akasema hapana, mafuta yameshaingia ndani ya ile ngozi ya pleti, ikipata moto yatatoka tena. Flaiwili ilikuwa na madoa ya bluu mahali iliungua, tukaipeleka Kirinyaga Road ikaskimiwa, yaani ikachongwa uso, ikatoka nyeupe sawasawa. Pleti mpya hakukubali kabla ahesabu meno yake ya katikati, 21, alafu akaijaribu kwa shafti iteleze bila kukwama. Grisi ya hayo meno aliweka kidogo sana, kama kichwa cha kiberiti, eti ikizidi itarushwa kwa pleti na tutarudi palepale. Kuweka pleti katikati alitumia shafti kuukuu ya giaboksi iliyokatwa, na bolti za presha pleti alikaza moja hapa, ya kuvuka ng'ambo, kidogo kidogo. Akabadilisha rilis beringi, ile inasukuma presha pleti ukikanyaga klachi, akaweka maunting mpya, akajaza mafuta. Pesa zote sikuwa nazo, nikamwachia deni la elfu mbili na akakubali bila kuandika popote.

Aliniambia nisibebe mzigo mzito mara moja, pleti izoeane na flaiwili kwanza. Wiki mbili nikabeba nusu nusu, wateja wakalalamika, nikavumilia. Alafu Ijumaa moja nikapakia magunia sita nikapitia Valley Road makusudi. Nikasimama pale pale kwa mlima, jam, matatu nyuma. Nikaachilia klachi. Ikapanda. Kile kimlango cha dashibodi kilikaa kimefungwa hadi Upper Hill, na mimi machozi yalinitoka, kweli.

Jioni nilipitia Kariobangi nikalipa ile elfu mbili, na Mzee akanipa kile kipande cha waya, nikakiweka kwa dashibodi. Baba alikiona Jumapili akauliza ni cha nini. Nikalala chini ya gari nimuonyeshe, na yeye na magoti yake yale akashika bampa, akainama polepole, akachungulia na tochi ya simu mahali nilikuwa naelekeza kidole, akasema, "Hii gari nimeiendesha miaka hiyo yote na hako katundu sijawahi kukaona."