Usukani wa BSA M20 ya marehemu babu umekamilika!

Pikipiki hizi za 496 cc zilitumiwa sana na jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, na usukani wake una zaidi ya klachi na breki. Kuna kishikio kidogo cha kuwahisha au kuchelewesha cheche ya magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa kuwasha injini), kingine cha hewa ya kabureta, kingine cha kuinua vali ili kiki isiwe nzito. Vikishika kutu vinafanana, kwa hiyo nilifuata kila waya mpaka unapoishia.

Waya wa klachi ndio uliotaka subira. Kichwa chake cha shaba kilikuwa kimechomoka. Unapitisha waya ndani ya kichwa, unatawanya ncha za nyuzi zake kama ua, ndipo unatia lehemu ya moto. Bila kuzitawanya, waya utachomoka tena siku ya kwanza ukiwa mlimani, na hilo ni hatari kweli.

Wenzangu wenye pikipiki za zamani, kabla hamjanunua vishikio pimeni kipenyo cha nje cha bomba la usukani kwa venia (kifaa cha kupimia vipimo vidogo): mengine ni milimita 22, mengine 25.4. Na vya asili msitupe jamani, hata vikiwa vimechakaa. Bolti na springi zake bado zinafaa.