Siku ya zamu yangu: uji, silabi na mahindi ya babu

Saa 11 alfajiri

Baba watoto ameshatoka na bajaji. Abiria wa mabasi ya usiku hushuka Msamvu kukiwa bado giza, na mwenye hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni hawezi kungoja jua lichomoze. Nanawa uso, nabandika maji ya chai, nakaa kwenye cherehani. Kuna mashati mawili ya shule yanayonidai kola, na huu ndio muda pekee wa siku ambao hakuna mtoto anayetaka kukanyaga pedeli pamoja nami.

Ni Julai. Huku kwetu Kihonda, Morogoro, kipupwe kinauma asubuhi na milima ya Uluguru imejifunika wingu. Shule zimefunguliwa juzi tu. Leo ni Jumanne, siku yangu ya kujitolea shuleni: kwanza jikoni kwenye uji wa watoto wa madarasa ya chini, kisha kusikiliza wasomaji wa darasa la kwanza. Huu ni mwaka wa pili. Hakuna malipo, na ualimu sijausomea. Niliishia kidato cha nne nikaenda kujifunza ufundi wa nguo.

Saa 12

Mkubwa wangu, binti wa darasa la pili, huamka mwenyewe na kumwagilia mchicha kabla hata sijamwambia. Wa kati ana miaka mitano, yuko awali. Huyu lazima umwamshe kwa taratibu, ukimharakisha atalia mpaka shuleni. Mdogo wa mwaka na nusu ananing'ang'ania kiunoni tangu nitoke chumbani.

Chai ya rangi yenye tangawizi, viazi vitamu vya jana nilivyovipasha. Halafu ndiyo kazi yenyewe: sweta. Wa kati anataka kufunga vifungo mwenyewe. Viko vitano, na kila siku kile cha tatu kinaingia kwenye tundu la pili. Anafika juu, anaona shingo imekaa upande, anafungua vyote, anaanza upya. Zamani nilikuwa namfungia haraka haraka tuondoke. Siku moja nikamuona shuleni anamfungia mwenzake sweta, ulimi nje, anamwambia, "Anzia chini, anzia chini." Tangu siku ile tunaondoka robo saa mapema kwa ajili ya kifungo hicho.

Saa 1 na nusu

Wakubwa wako mstarini wanaimba wimbo wa taifa, mdogo yuko mgongoni ndani ya kanga, nami niko jikoni. Wa zamu tuko wanne: mama watatu na baba mmoja wa bodaboda mwenye nguvu za kukoroga. Watoto wa awali mpaka darasa la pili ni 260. Kila mmoja na kikombe chake kimoja, kwa hiyo tunabandika sufuria mbili, kila moja ina maji ya madebe mawili.

Unga wetu ni dona, na kwa kila vikombe vitatu vya mahindi kimoja cha soya iliyokaangwa kabla ya kusagwa. Karanga tunazisaga kidogo kidogo, maana unga wenye karanga ukikaa wiki mbili unachacha na mtoto anaujua kwa harufu tu. Unga haumwagwi kwenye maji ya moto. Unaukoroga kwanza pembeni kwa maji baridi mpaka ulainike, ndipo unaumimina huku mtu mwingine mwiko hauachi, la sivyo utapata mabuje ya ukubwa wa ngumi. Kisha unauacha uchemke taratibu nusu saa nzima. Soya isiyoiva inaumiza tumbo, na tumbo la mtoto wa miaka sita halina subira.

Tunapikia gesi. Mwaka 2024 serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na kwa macho yangu mwenyewe nashukuru: kanga zangu hazinuki moshi, na mtoto mgongoni hakohoi. Ila kuna jambo moja ambalo hatukuliwaza. Enzi za kuni, mzazi asiye na shilingi alikuwa anakuja na mzigo wake kichwani, anautua pale, jina lake linasomwa sawa na la mwenye duka. Mtungi wa gesi unataka hela taslimu. Wale watu wa kuni tuliwapoteza, na ilituchukua muda kugundua kwamba wameacha kuja hata kwenye vikao.

Saa 2 na robo

Mmoja wao amekuja leo. Ni babu anayelea mjukuu wake wa darasa la kwanza, wawili tu nyumbani. Ameegesha baiskeli kwenye mwembe, anafungua mpira aliofungia kiroba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta deni langu la uji."

Nafungua kiroba, na kabla sijaingiza mkono harufu imenifikia. Uvundo. Natia kiganja ndani, nachota, namwaga kwenye ungo juani. Punje nyingine ni nzima. Nyingine zimesinyaa, zimepasuka, na kwenye kiini chake pana ukungu wa kijani unaoelekea njano, kama vumbi la poda. Mvua za masika mwaka huu zilichelewa kukatika, mahindi yakavunwa na unyevu wake.

Afisa lishe alipokuja kutufundisha alianza na habari ya mwaka 2016, watu walipofariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Alitwambia kitu ambacho sikuwahi kukijua na umri wangu huu: ile sumu haifi kwa kupikwa. Unaweza kuchemsha uji mpaka jioni, bado imo. Kuosha nako hakuiondoi. Na ini la mtoto ndilo dogo zaidi.

Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo. Nililokosa ni maneno. Mzee ametoa kiroba hicho kwenye akiba ya wawili, amekiendesha kwa baiskeli kutoka kwake, mbele yake wamesimama vijana wanne wenye umri wa wanawe. Mwenzangu mmoja aliniminya mkono, maana yake tupokee tu halafu tuyatupe akishaondoka. Nilikataa. Tusipomwambia, atarudi nyumbani aendelee kusaga yaleyale, na mjukuu tunayemlinda saa 4 asubuhi atakula ugali wake saa 1 usiku.

Nikachukua kigoda, nikamwekea babu kivulini, nikachuchumaa karibu naye. "Babu, haya mahindi yana ugonjwa. Siyapokei kwa ajili ya watoto, na ninaomba na wewe usiyale hivi yalivyo."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Nimeyatoa mdomoni mwangu haya."

"Najua babu. Ndiyo maana nakwambia."

Tukayachambua pamoja kwenye ungo. Nilimwonyesha za kutoa: iliyopasuka, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye tundu la mdudu. Kuzitoa hizo hakumalizi hatari yote, lakini kunaipunguza sana. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Baada ya muda alikuwa anaziona kabla yangu. Mbovu alitaka kuwapelekea kuku. Nikamwambia kuku nao wanadhurika, tuzifukie. Nikamuuliza anahifadhi wapi. Kwenye sakafu, ukutani, kiroba juu ya kiroba. Basi baba wa bodaboda akajitolea mbao mbili za kutengenezea chaga, ili magunia yasiguse chini wala ukuta, na jioni atapita kwake na turubai aanike kilichobaki.

Na deni? Bomba la shule hutoa maji siku linapotaka, nasi hununua madumu kwa wauza maji. Babu ana baiskeli na karibu naye kuna kisima. Alisema mwenyewe, hatukumwomba: madumu manne kila Jumanne na Alhamisi. Mwenzangu aliyeniminya mkono ndiye aliyeandika jina lake kwenye daftari la michango.

Saa 4

Kengele. Nawa, foleni, kikombe. Awali wanatangulia, wengine vikombe vyao vimefungwa kamba shingoni. Wa kwangu akifika kwenye sufuria ananisalimia "Shikamoo mama" kwa heshima zote, kama hatukulala nyumba moja, kisha ananionyesha vifungo vyake. Vitano, vimenyooka.

Niseme kuhusu daftari, kwa sababu liliniuma. Mwaka jana lilikuwa linakaa hapa kwenye sufuria. Jina lenye tiki linakunywa, lisilo na tiki linasimama kando chini ya mwembe. Niliwaona watoto saba pale, mikono mifukoni, wanaangalia kila upande isipokuwa upande wa uji. Kuna mmoja alikuwa anachora chini kwa dole gumba la mguu, mstari uleule, anaufuta, anauchora tena. Tangu mwaka 2016 ilipoanza elimu bila ada, mtoto hafukuzwi shule kwa sababu ya mchango, na uji ni makubaliano ya wazazi wenyewe. Basi nikasimama kwenye kikao, miguu inatetemeka, nikasema makubaliano yetu yanamwadhibu mtoto, ambaye hakukubaliana na mtu. Ulikuwa ugomvi. Wengine walisema tukiwanywesha wote hakuna atakayechanga, na siwalaumu, kwani sukari hainunuliwi kwa huruma. Tuliafikiana daftari lihamie kwa mwenyekiti wa kamati na lisionekane tena karibu na mtoto. Asiye na mahindi atachangia nguvu zake. Wapo waliokwepa, wachache. Sufuria haijawahi kupungua kiasi cha kukosesha mtoto kikombe.

Saa 5 kasoro

Mkeka chini ya dirisha, nyuma ya darasa la kwanza. Darasa lina watoto 94 na mwalimu mmoja, mwanamke hodari ambaye sauti yake huisha ifikapo Alhamisi. Yeye anafundisha wote. Mimi nachukua watano watano, kila mmoja anisomee mistari michache. Mwenye umri huu anahitaji sikio lililo karibu, na mwalimu ana masikio mawili tu.

Leo mjukuu wa babu ni wa tatu. Kidole chini ya neno, anatambaa nalo. "Ba-bu a-na ngo-mbe." Anasimama. Anajua halijakaa sawa.

Hili la ng na ng' ndilo linalowashinda wengi, na kwa kuandika ni alama ndogo tu, kama chawa juu ya mstari. Namwambia ashike pua yake aseme "ngoma". Anasema. Sasa aseme "ng'aa". Macho yanamtoka: sauti imekwama puani, vidole vimeihisi. "Inatetemeka!" Anarudia, anashika pua ya jirani yake. Watano wote wakashikana pua, ng'oa, ng'ata, ng'ombe, mpaka mwalimu akageuka kutazama kuna nini. Kisha mjukuu akarudi kwenye kitabu na kusoma sentensi nzima bila kusimama: "Babu ana ng'ombe."

"Babu yangu hana," akaniambia. "Ana baiskeli."

Mdogo wangu ameamka mgongoni na anataka maziwa. Namaliza na wawili waliobaki huku ananyonya.

Saa 7 mchana

Nyumbani. Wali wa jana, maharage, mchicha wa binti. Baba watoto anapita dakika ishirini, anakula, ananiuliza za shuleni, namsimulia mahindi. Anasema abiria wake wengi wa magunia kutoka vijijini wanalalamika hivyohivyo mwaka huu. Anaondoka. Mdogo analala. Hapa ndipo nashona, na nashona kweli: sketi nne za buluu, marinda yake nayapanga kwa pini kabla ya pasi. Jumanne kipato changu kinapungua, sifichi. Tumelizungumza mimi na mume wangu na tumekubaliana siku moja kwa wiki tunaiweza, mbili hatuziwezi.

Saa 12 jioni

Maji ya kuoga, vilio, sabuni machoni. Treni ya umeme ikipiga honi kuelekea stesheni, wa kati anatoka bafuni uchi na povu lake kwenda dirishani. Tangu ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwezi Juni 2024 hajawahi kukubali impite bila kuipungia mkono. Binti anafanya hesabu za kukopa chini ya taa. Ananiambia mwenzake wa darasa la kwanza leo alikuwa anashika watu pua uwanjani, watu wote wakaanza.

Saa 4 usiku

Wamelala. Baba watoto ameegesha bajaji na ananawa. Nachukua simu, nawasha tochi, naenda stoo kwenye pipa letu la mahindi, lile ambalo tangu tulijaze sijawahi kulitazama zaidi ya juu. Natumbukiza mkono mpaka begani, nachota chini kabisa, naleta puani. Harufu ya vumbi tu. Nachota tena upande wa ukutani. Safari hii kuna punje nane, kumi, zimeshikana donge, na ni baridi.

Nakunja turubai naliweka mlangoni, kesho jua likitoka nianike yote.