Kukanusha kwa Kiingereza kwa Mtu Anayefikiri kwa Kiswahili

Hapa Kisumu, ambako huwafundisha watu wazima Kiingereza nyakati za jioni, sentensi ninayoisahihisha mara nyingi kuliko nyingine ni ya aina ya "He did not came". Siamini kwamba chanzo chake ni uvivu. Kanuni inayovunjwa hapo, kwamba baada ya "did not" kitenzi hubaki katika umbo la msingi ("He did not come"), hufundishwa kana kwamba ni jambo geni kabisa, ilhali Kiswahili kina mpango unaokaribiana nayo sana.

Tukisema "aliandika", wakati uliopita umebebwa na -li-. Tukikanusha tunapata "hakuandika": -ku- imepokea kazi ya kuonyesha wakati, na "andika" imebaki ilivyo. Kiingereza nacho hukabidhi wakati kwa "did", kikaongeza "not", kisha kitenzi kikarudi katika umbo lake la msingi, ndiyo maana "She wrote" huwa "She did not write". Wakati ukishatajwa hautajwi tena. Vivyo hivyo kwa mama anayeuza omena sokoni Kibuye: "She sells omena" hukanushwa kwa "She does not sell omena", kwa kuwa ile "s" imekwisha kuhamia kwenye "does".

Penye kitenzi kisaidizi, kama "can" au "will", na hata penye "is", "do" haihitajiki. "Not" hufuata papo hapo. (Enzi za Shakespeare mtu aliweza kusema "I know not" bila "do" yoyote, kwa hiyo mwanafunzi anayesema hivyo leo amechelewa tu karne kadhaa.)

Panaponisumbua zaidi ni "must". Kondakta wa matatu ya Nakuru akimwambia abiria "You must not pay now", amemkataza kulipa. Kama alitaka kusema kwamba si lazima alipe sasa, alipaswa kutumia "You do not have to pay now". Tofauti hiyo ni ya maana, si ya mapambo, nami huitengea kipindi kizima.

Kuna pia maswali yenye ukanushi. Kwetu mtu akiulizwa "Hujala?" anaweza kujibu "Ndiyo, sijala", maana anakubaliana na kauli ya aliyeuliza. Kiingereza hutazama tendo lenyewe: kama hukula, jibu la "Haven't you eaten?" ni "No, I haven't". Mgeni mwenye njaa anayejibu "Yes" na kunyamaza ataeleweka kwamba ameshiba, na huenda asitengewe chakula.