Siku moja ya kazi nyumbani Kampala, mtoto wa miezi 18 akiwa chumba cha pili

Saa 10:30 alfajiri. Nyumba imelala, na saa mbili zinazokuja ndizo bora za siku nzima. Kazi yenyewe ni kunukuu na kutafsiri: mahojiano yaliyorekodiwa kwa Kiswahili na Kiganda yanaandikwa neno kwa neno, kisha yanatafsiriwa kwa Kiingereza. Saa moja ya sauti safi humchukua mnukuzi mzoefu kama saa nne. Ikiwa imerekodiwa sokoni, boda zinapita nyuma, huchukua zaidi. Siku yenye saa sita za kazi ya kweli haibebi faili la saa mbili, na mteja aambiwe hivyo kabla kazi haijapokelewa.

Ninachoshikilia ni hiki: kazi igawanywe kwa jinsi inavyovumilia kukatizwa. Sauti ngumu haivumilii. Ukiinuka dakika tatu kumbembeleza mtoto, ukirudi sikio limeshampoteza msemaji na unaanza upya. Hiyo ni kazi ya alfajiri. Kuhakiki maandishi kunavumilia kidogo, kunakaa asubuhi. Ankara, barua pepe na kupanga mafaili hufanyika hata mtoto akiwa mapajani, basi ni za jioni. Wengi wanaoanza hupindua mpango huu: wanafungua barua pepe alfajiri kwa sababu ni nyepesi, na wakifika kwenye sauti mtoto ameamka.

Mafaili pia hupakuliwa saa hizi, mtandao ukiwa mwepesi. Muombe mteja atume MP3. Saa moja ya sauti katika WAV ya kawaida ya stirio ni zaidi ya MB 600. Katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 58, na kwa kunukuu hakuna neno litakalopotea. Bando la data hapa linabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo ukubwa wa faili ni pesa yako.

Saa 12:45 asubuhi mtoto anaamka. Nepi, kunyonya, kisha uji. Nauzungumzia uji kwa makini kwa sababu ndio unaoamua kama asubuhi itakuwa na kazi au haina. Uji mwembamba hujaza tumbo bila kutia nguvu. Mtoto anaonekana ameshiba, halafu saa nne kasoro analia njaa, katikati ya saa zako. Vijiko vinne vikubwa vya unga wa ulezi, vilivyojaa, kwa nusu lita ya maji. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi kidogo ili usifanye madonge, umiminwe kwenye maji yanayochemka, uchemke dakika kumi huku unakorogwa. Mwishoni kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini kabisa, na maziwa. Pima hivi: inamisha kijiko. Ukitiririka kama maji, ongeza moto na muda. Ukishikilia kidogo kisha ukaanguka polepole, umeiva kwa mtoto.

Sigiri inabaki nje. Mvua ikinyesha watu huiingiza ndani, na mkaa ulioshika moto hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwenye chumba kilichofungwa inaua. Siku ya mvua uji unapikwa kwa gesi, na mtungi uwe umepimwa uzito jana yake.

Saa 2:00 Dada wa kazi anafika. Makabidhiano yanachukua dakika kumi na tano, na hayafanywi huku simu iko mkononi. Kuna daftari moja la mistari mezani: saa aliyoamka, alichokula na kiasi gani, nepi, joto la mwili kama kuna wasiwasi. Dada naye anaandika humo humo. Anauliza, "Mama, amenyonya?" Jibu liwe ndiyo kila siku, kwa sababu mtoto aliyenyonya muda mfupi kabla ya mlango kufungwa hana haraka ya kuutafuta.

Kuaga ni jambo la kufanywa, tena kwa maneno yale yale: "Mama anaingia kazini. Tutaonana wakati wa chakula." Kisha mlango. Kutoroka mtoto akigeuka kunaonekana rahisi siku ya kwanza, lakini humfundisha kwamba mama hupotea bila taarifa, naye huanza kukushika nguo kila unapoinuka. Anayeagwa hulia dakika mbili tatu, halafu anazoea. Komeo liwe juu, asikoweza kufika. Na ukishaingia, sauti yako isitoke: kuongea na simu kwa sauti ya juu nyuma ya mlango ni kumuita.

Makubaliano na Dada yaandikwe, hata kama mmejuana miaka: saa za kuingia na kutoka, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe yake, nauli, na malipo ya saa za ziada. Mikutano ya wateja huchelewa. Dakika arobaini zako za ziada ni giza njiani kwake, na zina bei.

Saa 2:30 hadi 5:15, kuhakiki maandishi. Vipande vya dakika arobaini, kisha dakika tano za maji na kunyoosha mgongo, bila kupita sebuleni. Mtoto akikuona halafu ukapotea tena, kilio kinaanza upya.

Saa 5:30, chakula. Kitobero, kama kinavyofundishwa miaka mingi kwenye kituo cha lishe cha Mwanamugimu, Mulago: chakula cha nguvu, cha kujenga mwili na mboga, vyote vimechanganywa na kupikwa pamoja kwa mvuke. Kwa mlo mmoja: matooke (ndizi za kupika) vidole viwili, maharage yaliyochemshwa na kupondwa kiasi cha kiganja, kijiko kimoja cha mukene (dagaa) wa unga, majani machache ya dodo (mchicha) yaliyokatwa. Yote yanafungwa kwenye jani la mgomba na kuwekwa juu ya sufuria ya matooke ya wakubwa, kwa hiyo hakuna moto wa ziada. Mukene ndio huharibu mlo ukiwa na mchanga. Chambua na osha mara tatu, kausha, saga, chekecha, weka kwenye chupa kavu.

Saa 6:15 mtoto analala chini ya chandarua, hata mchana. Hapa ndipo mkutano na mteja wa London unapowekwa, saa 6:30 hadi 7:30. Katika miezi ya baridi kwao, London iko nyuma yetu kwa saa tatu: mkutano wao wa saa 3:30 asubuhi ni saa 6:30 kwetu. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, tofauti inabaki saa mbili, na mkutano ule ule unatua saa 5:30, mtoto akiwa na kitobero mdomoni. Uganda haisogezi saa. Kwa hiyo wiki ya pili ya Machi mteja anaandikiwa kuombwa saa 4:30 ya kwao hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wanaporudisha. Kusogeza usingizi wa mtoto badala yake kunawezekana, dakika 15 kila siku tatu, lakini saa nzima inakula siku kumi na mbili za kununa. Nafuu barua moja.

Kabla ya mkutano: kengele ya geti izimwe, boda wa kuleta mzigo aambiwe atume ujumbe asipige. Mvua ni adui mwingine. Chini ya mabati, mvua ya Aprili haikuachii hata neno moja. Maiki ya kichwani, sentimita mbili tatu kutoka mdomoni na pembeni kidogo ya pumzi, hushinda maiki ya kompyuta iliyo mbali. Ikizidi, andika kwenye gumzo la mkutano kwamba utajibu kwa maandishi, na jibu kweli ndani ya saa moja.

Saa 8:00 mtoto ameamka, na mara nyingi ndipo umeme unapokatika. Kompyuta ina betri yake; kinachokufa ni ruta. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini itumie nusu tu, kama 42, ukitaka idumu. Ruta inayokula wati 8 inapata saa tano. Ukichomeka kompyuta ya wati 40 kupitia kigeuzi, ni saa moja au pungufu. Soma kibandiko cha ruta kwanza: si zote ni za volti 12, na kugeuza chanya na hasi kunaiunguza papo hapo. Umeme wenyewe ni wa kulipia kabla, hapa huitwa Yaka, kwa hiyo tazama yuniti zake kila asubuhi. Giza la yuniti kuisha halina wa kulaumiwa.

Homa inabadilisha siku nzima. Kazi inasimama, mtoto anapimwa malaria siku hiyo hiyo kwa mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya, wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine isitumike. Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea haamki vizuri, ni wa kukimbizwa hospitali. Mteja anaandikiwa mistari miwili: nini kitachelewa, na kitafika lini.

Saa 10:00 jua limepungua, mtoto yuko nje na bakuli la maji na vikombe vitatu vya plastiki. Vinamshika dakika ishirini na tano, mradi mtu mzima amekaa pembeni yake. Katuni hazimo: mwongozo wa WHO wa 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na akifika miaka 2 zisizidi saa moja kwa siku.

Saa 11:30 Dada anaondoka. Ankara, barua pepe, mtoto mapajani. Kibodi ya zamani isiyounganishwa popote inamtosha, naye anaandika zake.

Saa 1:00 usiku kuoga, chakula, kunyonya. Saa 2:00 amelala. Mpaka saa 12:45, pamoja na ule usingizi wa mchana, ni saa kumi na mbili na nusu hivi. Umri wake unataka 11 hadi 14.

Saa 2:30: betri kwenye chaji, kompyuta kwenye chaji, jerikani mbili zimejazwa. Maharage ya kesho yameloweshwa. Daftari linafunguliwa ukurasa mpya, tarehe juu, na chini yake: kesho sauti ya dakika 50, wasemaji watatu.