Ukikunja karatasi nusu kwa nusu huwezi kupata tano

Likizo hii nyumba imejaa watoto, wa kaka, wa jirani, na wengine hata sijui wametokea mtaa gani, maana huku Makorora, Tanga, mtoto akiona wenzie wamekaa barazani na yeye anakaa. Nikawaambia leo tunatengeneza maua ya karatasi ila dukani haendi mtu, kila kitu kitoke humu ndani. Basi zikaja daftari zilizoisha, magazeti, trei ya mayai, ile mifuko ya kaki tunayofungiwa vitu tangu ya plastiki ipigwe marufuku 2019, na vijiti tukachomoa kwenye fagio la chelewa (mwenye fagio nitaongea nae). Gundi ni unga wa ngano na maji, unakoroga jikoni mpaka uwe uji mzito, kwisha.

Mi zile seti za dukani sizipendi kwakweli. Karatasi imeshakatwa, mtoto anabandika tu, hata chai haijapoa anakuja kuuliza tufanye nini tena. Karatasi ya nyumbani ina ubishi wake. Chukua gazeti, ukilichana upande mmoja linaenda njia nyoofu mpaka mwisho, ukigeuza ukachana upande wa pili linaenda kombo popote linapotaka lenyewe, ni kwa sababu kiwandani nyuzi za karatasi nyingi zinalala kufuata mwendo wa mashine. Sisi watu wa Tanga hilo wala lisitushangaze, jani la mkonge nalo ukilichana kwa urefu zinatoka singa ndefu, jaribu kwa upana uone. Watoto walivyogundua hivo wakawa kila karatasi wanaichana kwanza kipande pembeni kuijua tabia yake.

Sasa utamu ni kwenye kuhesabu. Nyuma ya nyumba kuna bamia zimetoa maua, nikawapeleka asubuhi maana ua la bamia likifunguka asubuhi jioni limeshanyauka. Njano, katikati jekundu la kuiva linalokaribia weusi, petali tano. Wakarudi wakaanza kazi, na kila mtoto anajua njia moja tu, kunja, kunja tena, kunja tena, kata mviringo, fungua. "Shangazi, langu mbona lina nane?" Haya kunja pungufu, zikatoka nne. Kunja zaidi, kumi na sita. Walibishana pale hadi mkubwa wao akasema nyie tukikunja hivi inazidisha mara mbili tu, tano haiwezi kuja hata tukeshe. Yani hakuna mwalimu aliyemwambia, kaliona kwenye mkasi.

Ndo nikawaonyesha fundo. Kata ukanda mrefu wa karatasi, piga fundo moja la kawaida, vuta taratibu huku unalibana liwe bapa bila kukunjamana, kata mikia miwili inayobaki. Unapata umbo la pembe tano zilizo sawa kabisa, hakuna rula wala bikari. Laza juu ya karatasi, chora petali moja kila upande, kata. Wadogo walirarua kanda nyingi sana kwa papara, hapo hakuna namna, mkono unajifunza wenyewe nguvu ya kuvuta.

Rangi tukatumia manjano ya jikoni, unakoroga na maji unachovya petali unaanika. Na ule wekundu wa katikati? Kipande cha sabuni ya mche kwenye maji kidogo, chovya kijiti, dondoshea kwenye njano iliyokauka, papo hapo inageuka nyekundu ya damu ya mzee. Walipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nikawaambia hakuna uchawi, manjano yakikutana na kitu cha sabuni yanabadilika, mkamulie ndimu muone, wakakamua, njano ikarudi. Kosa! Ndimu za samaki zote zimeishia kwenye karatasi, njano nyekundu njano nyekundu, samaki tumekula kavu.

Mbegu ya katikati tumekata kwenye trei ya mayai, shina ni chelewa, sina zaidi la kusema hapo.

Kesho wanataka langilangi, lina petali sita, na yule mkubwa ameshawatangazia wenzie kwamba hilo halina hata shida, unakunja nusu halafu unagawa tatu, na karatasi yenyewe hajaigusa bado.